Pengo la Mizani Moja

Njombe,
Jumapili asubuhi.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umepunguza kelele zake, na Somoe ameanza kutembea vizuri baada ya uzazi. Mjukuu wako je, bado analala titi likiwa mdomoni, au ameshajua kazi iliyomleta duniani? Mwambie dada yangu uji wa ulezi asiuache hata kama umemchosha. Sisi huku hatujambo, ila Njombe ni ile ile, asubuhi wanafunzi wanaingia darasani na masweta mawili mawili na mwalimu wao anafundisha mikono ikiwa kwapani.

Najua umeigeuza bahasha hii huku na huku ukijiuliza siku hizi nani anaandika barua. Simu nilipiga, Mama. Jumatano ulipokea, ukaniweka sauti kubwa kama kawaida yako mpaka jirani wa Somoe akanisalimia, na nilipotaja tu shairi la Babu ukaniambia niachane na mambo ya Babu, mtoto analia. Simu ikakatika. Mimi ninavyosikia vizuri, mtoto hakuwa analia. Basi nimeandika, maana barua haina sauti kubwa, na huwezi kuikata kabla sijamaliza. Nimempa Festo, dereva wa basi la Ludewa, akukabidhi mwenyewe mkononi. Nataka ikufike kabla maneno ya watu hayajakufika, kwa sababu tangu jana kwetu Makambako hakukaliki!

Nianze mwanzo, ingawa vidole vinataka kukimbilia mwisho. Chama cha madereva wa malori kimemaliza lile banda la kupumzikia abiria na madereva pale wanapoegesha. Wakakubaliana mambo mawili. Kwanza, kwenye ukuta wa mbele ziandikwe beti za shairi la Babu Abdulaziz kwa rangi ya mafuta. Pili, Mjomba Issa apewe ngao, kwa kuwa ndiye shujaa anayeimbwa. Wakaniomba mimi, mjukuu wa mtunzi na mwalimu wa Kiswahili, nilighani shairi hilo siku ya ufunguzi na kuwaeleza watu uzuri wake uko wapi. Mama, nilivimba kichwa. Wiki nzima nilikuwa natembea shuleni kama mtu aliyealikwa ikulu.

Hadithi yenyewe naijua tangu nikiwa mtoto, kama anavyoijua kila mtu Makambako. Lori la Babu linapanda ule mteremko mkali kutoka Ludewa, limejaa mahindi, na juu ya magunia wamekaa wanawake wachuuzi. Injini inazima, breki zinagoma, gari linaanza kurudi nyuma kuelekea korongoni. Utingo wake, ambaye ni mwanawe Issa, anaruka chini, anabeba jiwe na kulipachika nyuma ya tairi, na gari linasimama. Nilijua pia kwamba na wewe ulikuwa juu ya yale magunia, msichana wa miaka kumi na tisa unayewasindikiza wachuuzi. Lakini kila nilipokuuliza ulinijibu sentensi moja tu, kwamba wewe ulifumba macho.

Babu hakupata kuliandika shairi lile. Lilitoka kinywani mwake likaingia vinywani mwa watu, likaghaniwa harusini, Idi, na hata madereva wanapongoja mzigo. Na kila lilipofika kwenye jina lake, Mjomba Issa alinyanyuka akatoka nje kwenda kuangalia gari. Gari lenyewe wakati mwingine halikuwepo. Sisi tukasema ni unyenyekevu, tukazidi kumpenda.

Sasa njoo darasani kwangu. Jumatatu nikaamua kulijaribu somo langu kwa Kidato cha Tatu kabla ya kulipeleka kwa madereva. Nikaandika ubeti wa kwanza ubaoni, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza shairi lile kuonekana kwa macho:

Gari likarudi nyuma, korongoni ni pabaya,
Nani mwenye moyo chuma, asiyejua kugwaya?

Nikawaeleza kwamba hii ni tathnia, ubeti wa mishororo miwili, na kwamba mishororo miwili inatosha kwa mtunzi anayejua kazi. Tukahesabu mizani, yaani silabi, tukipiga madawati: nane, kituo kidogo, nane tena, jumla kumi na sita. Tukatazama vina, katikati "ma" na "ma", mwisho "ya" na "ya". Nikawaambia wasikie jinsi mshororo wa kwanza unavyoteremka bila kizuizi kama lori lenyewe, kisha swali la mshororo wa pili linavyousimamisha. Watoto wakafurahi. Nikavimba zaidi, nikawatangazia kwamba babu yangu hakupata kukosea mizani hata moja maishani mwake. Ningejua ningenyamaza. Nikaandika ubeti wa pili:

Akashuka kama mwewe, mwana wangu ni Issa,
Akalipachika jiwe, kwenye tairi la waya.

Niliwageukia nikitabasamu, nimeandaa maelezo ya tairi lililolika mpaka waya ukatoka nje. Akanyoosha mkono Ema, msichana mmoja mpole anayekaa dirishani, akasema kwa adabu zote kwamba madamu anisamehe, lakini mshororo huo una mizani kumi na tano. Nikamwambia ahesabu tena. Akahesabu. Nikahesabu mimi. Nikajaribu hata kuitamka Issa vipande vitatu ili nimwokoe Babu, darasa zima likaangua kicheko, na walikuwa na haki. Kisha Ema, sauti ikizidi kushuka, akasema na kina nacho kimevunjika, madamu, "sa" haijibiani na "ya".

Niliona aibu, Mama, kisha nikaona hasira. Nikaandika zile beti nyingine mbili upesi upesi kuonyesha kwamba hilo lilikuwa bahati mbaya. Mmoja unaishia kwa kusema tulivuka lile janga kwa mkono wa Issa. Mwingine, ule wa kufunga, unasema jina lidumu Issa. Tukahesabu. Mizani inapungua moja, kina kinavunjika, mahali palepale, kila jina linapotokea! Mishororo mingine yote imekaa kama magunia yaliyopangwa na mtu mwenye subira. Jina limerudiwa mara tatu, na mara zote tatu limechechemea kwa mguu uleule. Mtunzi akijikwaa mara moja utasema amechoka, lakini akijikwaa mara tatu kwenye jiwe lilelile, huyo jiwe analijua.

Kengele ilipolia nikamkimbilia Mwalimu Anania. Unamkumbuka, yule Mbena aliyekuletea parachichi ukakataa kuamini kwamba ni za bure. Yeye hufundisha kwaya kanisani kwao, na masikio yake hayadanganyiki. Aliniamkia kwa "kamwene" yake ya kila siku, nikasahau hata kuitikia. Nilipomghania akacheka, akaniambia ndiyo maana hakuna aliyegundua miaka yote hii: tukighani tunalivuta lile jina, Iiissa, sauti inaziba pengo, na mwenye kusikiliza anashiba. Kwaya zake nazo humfanyia hivyohivyo kwenye maneno yasiyotosha. Halafu akasema neno lililoninyima utulivu siku nzima. Alisema kwa uzoefu wake, wimbo ukiwa na pengo la namna hiyo, mara nyingi kuna neno lilitolewa pakaingizwa jingine fupi.

Kesho yake nikarudi darasani nikiwaka. Nikafuta jina, nikaacha pengo, nikawaambia walizibe: silabi tatu, ya mwisho iwe "ya". Wacha weee! Darasa likageuka mnada. Huyu anapiga kelele Zakaya, yule Isaya, na mwingine anaapa ni Isaya tu, kwa kuwa inafanana na Issa. Nikawaambia babu yangu alikuwa mtu wa msikitini swala tano, alizaa watoto wawili tu, na hakuna aliyeitwa Isaya. Ndipo Ema akanyoosha mkono tena. Akauliza kama ni lazima awe mvulana, maana yeye amesoma beti zote na hajaona mahali zinaposema hivyo.

Mama, niligeukia ubao nikasoma upya. Ni kweli! Lugha yetu haisemi. Akashuka, akalipachika, akawa. Awe binti, awe mvulana, kitenzi ni kilekile, na "mwana wangu" ni mwana tu. Sisi wenyewe ndio tuliomvalisha suruali. Na hapo hapo macho yangu yakaangukia ubeti wa tatu, ambao nimeusikia tangu nabebwa mgongoni na sikupata kuusikia:

Kanga kaifunga nyonga, akawa yeye himaya,
Tukavuka lile janga, kwa mkono wa Issa.

Kanga! Miaka yote hii Mjomba Issa ameshuka kwenye lori la mizigo amejifunga kanga kiunoni, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ni ya nani! Watoto wawili wa Babu. Mmoja Issa. Nikalihesabu lile jingine kimoyomoyo, Ru-ka-ya, nikalitia kwenye pengo, na nakwambia liliingia kama ufunguo kwenye kufuli lake. Nikawaruhusu wanafunzi watoke kabla ya wakati. Nikakaa kwenye dawati la Ema nikawa nacheka na machozi yananitoka.

Ndipo nikakupigia Jumatano, na mtoto wako wa bandia akalia. Kukata kwako simu kulinijibu, lakini kulinifunga pia. Kama mwenyewe hutaki, mimi nani? Nikaamua nitaghani kama watu walivyozoea, nitavuta ile Iiissa, na nitakuja kukuuliza taratibu ukirudi. Hilo ndilo nililokusudia, naomba unisadiki.

Jana basi tukawa Makambako. Banda limepambwa, viti vimejaa, malori yamepangwa pembeni, na mama mmoja wa Mahongole, Mama Mektilda, kaletwa na wanawe kwa sababu alikuwa mmoja wa wale wachuuzi wa siku ile. Mjomba Issa ameketi mbele na kofia mpya, uso wake kama wa mtu anayesubiri kung'olewa jino. Ukutani yuko Lameki, fundi wa rangi, juu ya ngazi yake. Ubeti wa kwanza alikuwa ameshauandika, na kazi yake ilikuwa kuufuata mdomo wangu kwa beti zilizobaki. Brashi imelowa rangi, ananitazama. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba leo si kughani tu. Maneno ya mdomoni hubadilika, lakini kitakachoandikwa pale kitasomwa na kila dereva wa Mbeya, Songea na Dar es Salaam, na wewe utapita mbele yake kila siku ya gulio ukijifanya hukioni.

Nikaanza. Akashuka kama mwewe. Mjomba akanyanyuka kama kawaida yake kwenda kuangalia gari. Mwana wangu ni... na mdomo ukafunga. Sikupanga, Mama, nakuapia. Ulimi ulikataa kuvuta lile jina. Watu wakadhani nimesahau, mmoja akanikumbusha kwa sauti ya chini, Issa, Issa. Mjomba alikuwa amefika mlangoni. Alipoona kimya kimezidi akageuka, akanitazama, akaona kwamba najua. Akavua kofia. Akalijaza pengo yeye mwenyewe, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake: Rukaya!

Kisha akarudi mbele, akasimama karibu na ngazi ya Lameki, akasema yote. Alisema siku ile gari lilipoanza kurudi nyuma yeye, utingo, aliruka upande wa pili akakimbilia migombani akiziba masikio asisikie linavyoanguka. Halikuanguka. Alipogeuka alimwona dada yake amepiga goti nyuma ya tairi, kanga kiunoni, bega likiwa bado linasukuma jiwe ambalo wanaume wawili baadaye walilitoa kwa shida. Babu alitunga shairi usiku huohuo, na jina lilikuwa lako. Liliimbwa na jina lako mpaka ulipochumbiwa. Wazee wa upande wa baba, Mungu awarehemu, wakaja kusema binti anayeingia kwao haiwezekani jina lake liwe vinywani mwa madereva na matingo pale wanapoegesha malori. Babu hakutaka ndoa ivunjike. Akalitoa jina, na kwa kuwa lazima shujaa apatikane, akatia la mwanawe wa kiume. Mimi ni tunda la ndoa ile, kwa hiyo siwezi kuwalaumu wazee sana, lakini kidogo nimewalaumu.

Mjomba alisema alimlilia Babu alitoe jina lake, au walau alisahihishe shairi, atafute maneno mengine yatakayokaa sawa na Issa, watu wasije wakagundua. Babu akamjibu kwamba hatalisahihisha. Alisema hicho ni kiti cha dada yako, wewe umekalishwa tu, na nimekiacha hakikutoshi ili siku mwenyewe akirudi apate pa kukaa. Mjomba akatuambia wengine walidhani anapigiwa makofi miaka yote ile, na yeye kila kofi lilimwangukia shavuni. Mwanamume mzima, Mama, analia mbele ya madereva, wala hakuna aliyecheka.

Wa kwanza kumwitikia alikuwa Mama Mektilda. Alipiga kigelegele kutoka kwenye kiti chake, kikafika mpaka barabara kuu. Akasema wao wachuuzi waliambiwa wanyamaze wakanyamaza, ila kila shairi lilipoghaniwa yeye alilitaja jina lako kimoyomoyo, na sasa anataka alisikie kwa masikio kabla hayajafa. Nikaghani upya, toka mwanzo. Ungelisikia, Mama! Hakuna kuvuta, hakuna kuburuza, kila silabi mahali pake, "ya" ikiita na "ya" ikiitikia. Nilipofika mwisho watu walikuwa wameshalinasa, wakanipokea wote:

Watakaokuja kesho, waisome hii aya,
Kila safari na mwisho, jina lidumu Rukaya.

Madereva wakakimbilia malorini wakapiga honi. Somo langu la mizani na vina sikulitoa tena, lilikuwa limeshaeleweka.

Sasa sikiliza lile ninaloliogopa, na ndilo lililonifanya niandike. Honi zikiwa bado zinalia, Lameki aliniinamia kutoka juu ya ngazi akaniuliza aandike nani. Mwenyekiti wa chama akasema pengine tusubiri, Bi Rukaya mwenyewe aulizwe kwanza. Ilikuwa busara, nami nilikuwa na nafasi ya kusema ndiyo, tusubiri. Sikusema. Nilikumbuka ulivyonikatia simu, nikajua ukiulizwa utakataa, utasema mambo ya Babu yaachwe. Nikamwambia Lameki aandike. Ameandika jina lako mara tatu, kwa herufi za kijani kubwa kuliko zote, na rangi imeshakauka. Jina lako nimelitoa hadharani bila idhini yako, tena nikijua. Kama nimekukosea nipige utakavyo ukirudi, lakini maji yameshamwagika, na kusema kweli, Mama, nimefurahi yamwagike.

Ngao Mjomba ameikataa. Iko hapa mezani kwangu inakungoja, chini ya vitabu vya Kidato cha Tatu. Ema ameniuliza kama huyo Rukaya yu hai, nikamwambia yu hai, yuko Ludewa anamwogesha mjukuu.

Nisalimie Somoe sana, mbusu mtoto kwa niaba yangu, na mama mkwe wake mwambie asante kwa maharage. Mjomba anakusalimu. Ameomba aje kukuchukua mwenyewe Ijumaa kwa gari lake, na amesema ukikataa ataelewa. Tafadhali usikatae. Mtapanda ule mteremko pamoja. Kaa mbele, upande wa dirisha, na mkifika pale safari hii usiseme umefumba macho, kwa maana sasa najua hata siku ile hukuyafumba.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Rehana binti Rukaya.